Kutafuta Mababu Marekani: Usivuke Maji Kabla ya Kujua Jina la Kijiji

Kwetu Tanga ukienda ugenini ukaulizwa wewe ni nani, jina lako peke yake halitoshi. Wanataka la baba, la babu, na walikotoka wazee kabla ya kutua hapo. Nimehamia Lowell, mji wa viwanda vya zamani vya pamba katika jimbo la Massachusetts, nikakuta watu wanaoishia kwa babu. Ukiuliza zaidi wanacheka, kisha wanakwambia: "Nadhani tulitoka Ulaya."

Bibi ninayemhudumia siku tatu kwa juma ana miaka 91 na akili yake bado ni wembe. Kuhusu ukoo wa baba yake alikuwa na habari mbili tu. Ya kwanza, kwamba wao ni Waingereza, kwa sababu jina lao ni Greenwood. Ya pili, kwamba babu yake alishuka Ellis Island, kisiwa cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, karani wa pale akashindwa kulitamka jina lake akambandika jingine. Habari zenyewe zinapingana, maana Mwingereza wa Greenwood angebadilishiwa jina kwa lipi? Lakini ndivyo hadithi za ukoo zilivyo. Ilituchukua majira mawili ya baridi kuupata ukweli, na njia tuliyopita ndiyo ninayoieleza hapa, kwa ajili ya wenye wakwe wa Kimarekani, waliozaa watoto hapa na mtu wa hapa, au wanaokaa na wazee kama mimi na kuwaona wakiondoka na habari zao. Bibi na binti yake wameniruhusu. Jina la ukoo na la kijiji nimeyabadili, nikachagua yanayofanana na ya kweli.

Hatua ya kwanza: kaa na mzee, na uulize kuhusu chakula

Usianze na kompyuta. Intaneti haikimbii, mzee ndiye anayeondoka.

Nilifanya kosa la kumuuliza bibi moja kwa moja, "Unajua nini kuhusu babu yako?" Akanijibu, "Hakuna." Juma lililofuata nikamuuliza Krismasi walikuwa wakila nini alipokuwa mtoto. Akafunguka. Walikuwa wakirudi kutoka misa ya usiku wa manane, wanakula tourtière, ile sambusa kubwa ya sinia nzima yenye nyama ya kusaga ya nguruwe. Nani aliipika? "Mémère," akasema, yaani mama yake baba. Nikamwangalia. Waingereza gani hawa wanaomwita bibi yao mémère na kula tourtière? Hayo ni maneno ya Wafaransa wa Quebec, kule Kanada, ambao maelfu yao walishuka kuja kufanya kazi katika viwanda vya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, Massachusetts likiwemo. Kati ya 1840 na 1930 wanakadiriwa kuwa watu 900,000 hivi walioondoka Quebec kuja Marekani. Kwa hiyo sahani moja ya Krismasi ilituokolea safari ya bure ya Uingereza.

Uliza vitu vya namna hiyo: nyimbo za kubembelezea mtoto, tusi la babu akijigonga kidole kwa nyundo, kanisa gani, walizikwa wapi, nani hakuwa akisemeshwa na nani. Rekodi kwa simu, lakini omba ruhusa kwanza.

Halafu uliza kuhusu kopo. Kila nyumba ya mzee hapa ina kopo la biskuti au sanduku la viatu lisilo na biskuti wala viatu. La bibi lilikuwa na rozari, kadi za sala za marehemu zenye tarehe za vifo, cheti kimoja cha ubatizo, na picha ya watu wawili walionuna. Geuza kila picha. Chini ya picha za zamani kuna jina la mpiga picha na mji wake, na mji huo mara nyingi ndio unaokuonyesha pa kuanzia. Piga picha kila kitu pande zote mbili, kisha rudisha vilevile vilivyokuwa. Usiondoke na karatasi ya mtu.

Hatua ya pili: rudi nyuma kizazi kimoja kimoja

Anza na aliye hai, nenda kwa mzazi wake, kisha kwa mzazi wa mzazi. Kila kiungo kiwe na karatasi inayosema fulani ni mtoto wa fulani. Wengi wanataka kuruka: wanasikia ukoo una jina la mtu maarufu, wanaanzia kwa huyo maarufu wakishuka kuja kwao. Hawafiki.

Tumia daftari la kawaida, mtu mmoja ukurasa mmoja. Kila unachoandika, andika na ulikokipata: sensa ya mwaka gani, mji gani, ukurasa wa ngapi, mstari wa ngapi. Utaona ni kazi ya ziada hadi siku utakapokuwa na akina Joseph wanne na hujui yupi ulimtoa wapi. Nilipoteza miezi miwili nikimfuata Joseph asiye wetu, kwa sababu nilinakili mti wa ukoo aliouweka mtu mtandaoni bila kuuliza yeye aliutoa wapi. Umri ulilingana, mji ulilingana, kazi ililingana. Mke ndiye hakuwa wetu. Tangu hapo miti ya watu naitazama kama umbeya wa bombani: huenda ni kweli, lakini siibebi nyumbani kabla sijauliza.

Hatua ya tatu: sensa

Hapa ndipo Marekani inapomfaidi mtafutaji. Serikali kuu imehesabu watu kila miaka 10 tangu 1790, na madaftari ya makarani yamehifadhiwa. Yanafungwa miaka 72 kulinda walio hai, kisha yanafunguliwa kwa umma. Ya 1950 yalifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022. Ya 1960 tuyasubiri hadi 2032.

Kuyaona si lazima ulipe. Tovuti ya FamilySearch, inayoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lenye makao Salt Lake City, ni ya bure. Unafungua akaunti tu. Tovuti ya Ancestry ni ya kulipia, lakini maktaba nyingi za umma zinakuruhusu kuitumia bila malipo ukiwa ndani ya jengo. Mimi nilipata kadi ya maktaba kwa kuonyesha bili ya umeme, nikawa naingia humo kila Jumamosi.

Anza na 1950 urudi nyuma. Bibi tulimpata kwanza 1950 akiwa msichana wa miaka 15, kisha 1940 akiwa na miaka 5. Katika sensa ya 1940 karani alitakiwa kuweka alama ya x ndani ya duara mbele ya jina la aliyemjibu. Alama ilikuwa mbele ya jina la mama yake. Bibi aliutazama mstari ule kwa muda mrefu. "Kwa hiyo siku hiyo alisimama mlangoni," akasema, "akatutaja mmoja mmoja." Alama hiyo ina faida ya kiutafiti pia: unajua nani alisema nini. Kama aliyejibu ni jirani, usiuamini umri.

Kila mwaka wa sensa una siri yake, na ukizijua unajua pa kuchimba. Hadi 1840 wameandika jina la mkuu wa kaya tu, waliobaki ni tarakimu. Kuanzia 1850 kila mtu huru ana jina lake. Mwaka 1880 wakaongeza uhusiano na mkuu wa kaya, na nchi walikozaliwa baba na mama. Ile ya 1890 sahau: moto ulizuka Januari 1921 katika jengo la wizara ya biashara mjini Washington, na karibu sensa yote ikapotea. Ndiyo maana kuna pengo la miaka 20 kati ya 1880 na 1900 ambalo kila mtafutaji hulilalamikia.

Za 1900 na 1910 ndizo ninazozipenda. Zinataja mwaka mtu alioingia Marekani, na kama mgeni ni raia: "Na" ameshakuwa raia, "Pa" amechukua karatasi za kwanza za kuomba uraia, "Al" bado ni mgeni. Na zina safu mbili zinazomhusu kila mama: amezaa watoto wangapi, na walio hai ni wangapi. Kwenye mstari wa mémère, 1910, umri 43, imeandikwa 11, halafu 6. Bibi alikuwa akijua majina ya baba yake na ndugu zake watano. Hakuna aliyewahi kumwambia kulikuwa na wengine watano.

Mume, babu yake bibi, ameandikwa kuwa ameingia 1889, kazi yake mfumaji katika kiwanda cha pamba, amezaliwa Kanada, na karani akaongeza kwamba ni Kanada ya Wafaransa. Mambo ya Uingereza yakaishia hapo. (Kidogo tu: merikani, ile nguo ya pamba iliyovaliwa pwani yetu na kubebwa na wapagazi hadi Tabora, iliitwa hivyo kwa sababu meli za Salem, mji usio mbali na hapa, zilikuwa zikiileta Unguja kutoka viwanda vya pande hizi. Marekani ilikuwa na konsuli Unguja tangu 1837. Nilipomweleza bibi alicheka, akasema basi sisi ni majirani wa zamani.)

Hatua ya nne: jina ni alichosikia karani

Mwaka 1920 mtu huyu anaitwa Greenwood. Mwaka 1910 ni Boisvert. Mwaka 1900 karani ameandika kitu kama Buaver. Bois ni mti au msitu, vert ni kijani. Greenwood ni tafsiri ya sisisi. Wafaransa wengi wa New England walifanya hivyo: Roy akawa King, Leblanc akawa White. Hakuna mahakama iliyohitajika. Mtu alianza tu kulitumia jina jipya kazini na shuleni kwa watoto, likashika.

Lakini kufanana maana si ushahidi. Ulinganifu ulitoka kwenye vitabu vya anwani za mji, ambavyo miji mingi ya Marekani ilivichapisha karibu kila mwaka, vikitaja jina la mtu, kazi na nyumba. Mwaka mmoja kwenye nyumba ile kuna Boisvert, mfumaji. Miaka miwili mbele, nyumba ileile, Greenwood, mfumaji. Mke ni yuleyule kwenye sensa, na watoto wanafuatana kwa umri na majina yaleyale. Hapo nikakubali.

Na ile hadithi ya karani wa Ellis Island? Utaisikia katika kila familia. Kituo kile kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, kikafungwa 1954, na watu zaidi ya milioni 12 walipita pale. Makarani wake hawakuwa wakitunga majina. Walikuwa na orodha iliyoandikwa na kampuni ya meli bandarini Ulaya, kazi yao ni kumwita mtu na kulinganisha majibu yake na orodha, na walikuwepo wakalimani. Majina yalibadilika baadaye, na mara nyingi wenyewe ndio waliobadili. Mwambie mzee hili kwa upole. Watu wanaipenda hadithi ile kama mali.

Ukikwama kwenye jina, acha kutafuta kwa jina. Tafuta kwa mtaa, kwa majina ya kwanza ya watoto na umri wao. Au andika herufi mbili tatu za mwanzo kisha alama ya nyota. Na litamke jina kwa sauti, kwa lafudhi ya mwenyewe, kisha ujifanye wewe ni karani asiyejua lugha yake.

Hatua ya tano: vyeti vya mji na jimbo

Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na kifo hapa si vya serikali kuu. Kila jimbo lina sheria yake. Massachusetts imekuwa ikiandikisha kwa jimbo zima tangu 1841, na tuna bahati. Majimbo mengi ya kusini hayakuanza hadi karne ya 20, na huko utategemea mahakama za kaunti, makanisa na Biblia za familia.

Cheti cha kifo kina jina la wazazi wa marehemu, lakini marehemu siye aliyejibu. Aliyejibu ni mjane au mtoto mwenye majonzi, aliyeulizwa jina la bibi ambaye hakuwahi kumwona. Cheti cha ndoa ni bora, kwa sababu wahusika wapo na wanajibu wenyewe.

Kwenye daftari za vifo za Lowell tuliwapata wanne kati ya wale watoto watano. Wawili walikufa Agosti, miaka miwili tofauti, kwa kile walichokiita "cholera infantum": kuhara kwa watoto wakati wa joto, ugonjwa wa maziwa yaliyochacha na maji machafu kwenye nyumba za msongamano za wafanyakazi. Mmoja hakuwa amefika miezi mitatu. Nilimuuliza bibi kama tuendelee. Akataka majina yao, akayaandika mwenyewe kwa mkono wake nyuma ya kadi moja ya sala, akairudisha kwenye kopo.

Hatua ya sita: uraia, meli, na mpaka

Kama babu aliyeingia alichukua uraia baada ya Septemba 1906, una nafuu. Kabla ya hapo mtu aliweza kwenda mahakama yoyote iliyo karibu, na karatasi nyingi zinasema tu "amezaliwa Kanada" au "ni mtu wa mfalme wa Italia". Kuanzia 27 Septemba 1906 fomu zikawa za namna moja, nakala zikapelekwa Washington, na baadaye zikataja mpaka mji wa kuzaliwa, tarehe, meli, mke na watoto. Anzia mahakama ya kaunti au hifadhi ya nyaraka ya jimbo. Kuomba kwa serikali kuu kunawezekana, ila kuna ada na unasubiri sana. Na usimtafute mke peke yake: hadi 1922 mwanamke aliyeolewa alifuata uraia wa mumewe.

Meli zina orodha zake, na nyingi zimechapishwa mtandaoni. Kwa kuzipekua, zana nzuri kuliko zote ni tovuti ya Stephen Morse, mhandisi yuleyule aliyebuni chipu ya kompyuta ya Intel 8086. Inakuwezesha kutafuta kwa umri, mwaka, bandari, hata kwa sauti ya jina.

Sisi hatukuhitaji meli. Wafaransa wa Quebec walikuja kwa treni, na mpaka wa Kanada haukuwa na orodha za wanaoingia hadi 1895. Babu yake bibi aliingia 1889. Hakuna karatasi, haikuwepo, wala haitapatikana. Kujua ni wakati gani wa kuacha kutafuta ni nusu ya kazi hii.

Hatua ya saba: kanisa, ndipo uvuke

Kila karatasi ya serikali tuliyoipata iliandika "Kanada". Kanada ni nchi kubwa kuliko Marekani yenyewe. Ukivuka na neno hilo peke yake utazama, kama anayekwenda Kongo kumtafuta babu aitwaye Mutombo.

Aliyetuokoa ni padre. Ndoa ya 1890 ya babu na mémère iliandikwa mara mbili: karani wa mji aliandika Kanada, lakini padre wa parokia ya Wafaransa alitaja wazazi wa bwana harusi na parokia yao, Saint-Grégoire. Mapadre walijali hayo, kwa sababu walipaswa kujua mtu hakuoa kwingine wala hamuoi ndugu yake. Basi kama watu wako ni Wakatoliki, Waluteri, Waorthodoksi au Wayahudi, watafute kwenye vitabu vya ibada vya lugha yao kabla ya kukata tamaa. Tazama pia majina ya mashahidi na wasimamizi wa ubatizo. Ni wajomba na binamu, na huenda karatasi zao zinasema kile ambacho za babu hazisemi. Usisahau makaburi na tanzia za magazeti. Maktaba ya Bunge ya Marekani imeweka magazeti mengi ya zamani mtandaoni bure.

Quebec ina Saint-Grégoire zaidi ya moja. Yetu iko upande wa kusini wa mto Saint Lawrence, mkabala na Trois-Rivières, tuliijua kwa majina ya wazazi. Na hapo ikawa kama mtu aliyekuwa akipanda mlima akafika barabara ya lami. Mapadre wa Quebec waliandika ubatizo, ndoa na maziko kwa nakala mbili, moja ya kanisa na moja ya serikali, hivyo moto wa kanisa haukufuta ukoo. Mwanamke anaandikwa kwa jina la kwao hata akifa ameolewa miaka 60. Ndoa inataja wazazi wa pande zote mbili, na kwa hiyo unapanda ndoa kwa ndoa. Tumefika hadi miaka ya 1600.

Mtego ni mmoja: karibu kila mvulana alibatizwa Joseph na kila msichana Marie. Jina la kuitwa ni lile la mwisho kwenye orodha. Ndiyo maana yule Joseph wangu wa miezi miwili alinipoteza. Babu yetu nyumbani alikuwa akiitwa Napoléon.

Ambao hawakuja kwa hiari yao

Wamarekani hupenda kusema hili ni taifa la wahamiaji. Msemo huo unawaacha nje wenyeji waliokuwepo, na unawaita wahamiaji watu walioletwa kwa minyororo. Njia yao ya utafiti ni nyingine.

Nesi mwenzangu, Mmarekani mweusi mwenye asili ya Georgia, alirudi nyuma haraka tu hadi 1870. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza inayowataja kwa majina watu wote waliotoka utumwani. Kabla yake ni ukuta. Sensa za 1850 na 1860 zina madaftari ya watumwa, lakini jina lililomo ni la bwana tu. Chini yake ni umri, jinsia na rangi. Mwanamke, 32. Mvulana, 6.

Ukuta una matundu. Kuanzia 1865 hadi 1872 kulikuwa na ofisi ya serikali iliyoitwa Freedmen's Bureau, iliyohudumia waliotoka utumwani: mikataba ya kazi, mgao wa chakula, ndoa zilizoandikishwa upya. Kulikuwa na benki yao, Freedman's Bank, iliyoanzishwa 1865 ikaanguka 1874. Mtu akifungua akaunti aliulizwa wazazi, ndugu, wakati mwingine hata bwana wa zamani. Wanaume waliandikishwa kupiga kura kusini 1867. Askari weusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kama 179,000, wameacha mafaili ya pensheni ambamo wajane na majirani walieleza chini ya kiapo nani alimzaa nani. Na kuna matangazo ya magazeti: mama anamtafuta mtoto aliyeuzwa miaka 20 nyuma. Yasome ukiwa umekaa.

Ukishapata jina la bwana, unatafuta mirathi yake. Nilikuwa naye siku ilipofunguka orodha moja. Jembe la kukokotwa na nyumbu, bei. Ndama wawili, bei. Kisha mwanamke, jina lake la kwanza, na bei. Sisi wa pwani tunaujua ukimya huo. Kwetu pia kuna nyumba ambazo ukiuliza babu alitoka wapi, mazungumzo yanageuzwa. Jihadhari na jambo moja: wengi hawakuchukua jina la bwana wa mwisho, kwa hiyo usidhani jina ndilo kamba. Tazama majirani kwenye sensa ya 1870. Watu waliotoka shamba moja mara nyingi waliendelea kukaa karibu.

Kwa Wachina wa San Francisco kuna kitendawili kingine. Sheria ya 1882 iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia, ikafutwa 1943. Tetemeko na moto wa 1906 viliteketeza vyeti vya mji, na watu wakapata nafasi ya kudai walizaliwa pale na hivyo ni raia, kisha kuwauzia wengine nafasi za "wana" wao. Kisiwani Angel Island, kituo cha wahamiaji cha San Francisco kati ya 1910 na 1940, waliofika walihojiwa kwa siku kadhaa: nyumba ina ngazi ngapi, kisima kiko upande gani. Mahojiano hayo yamehifadhiwa, na ni hazina, ila jina lililoko juu ya faili huenda ni la kununua. La kweli litafute kwenye kaburi, lilipochongwa kwa Kichina.

Na mate kwenye kichupa?

Kipimo cha vinasaba kinasaidia ukiwa na swali: je, Joseph huyu ni wetu? Unalinganisha na binamu waliojulikana. Zile asilimia za makabila ni makadirio, na hubadilika kampuni ikisasisha hesabu zake. Kwa Wafaransa wa Quebec kipimo kinakuletea binamu maelfu, kwani wengi wao wanatokana na wahamiaji wachache wa zamani walioozana. Kumbuka pia kwamba kampuni ikiuzwa, mate yako yamekwenda nayo, na kwamba kipimo kinaweza kufichua baba ambaye hakuwa baba. Binti wa bibi alitaka kupima. Bibi alikataa, na mimi ninamuunga mkono.

Sasa tunaanza upande wa mama yake. Huko ni Ayalandi, na jahazi limekwama mapema: ofisi ya nyaraka ya Dublin ililipuliwa na kuungua Juni 1922, na sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote zikapotea. Za zamani zaidi zilizosalia nzima ni za 1901 na 1911, zipo mtandaoni bure, ila watu wetu walikuwa wameshaondoka. Karatasi zote za Lowell zinasema "Ayalandi", basi. Lakini Waayalandi walikuwa na desturi ya kuchonga kaunti, wakati mwingine na parokia, kwenye mawe ya makaburi, na bibi anakumbuka la babu yake mzaa mama liko karibu na ukuta wa nyuma, limeota ukungu. Theluji ikiyeyuka nitampeleka na kiti chake cha magurudumu. Nimeshanunua brashi laini na chupa ya kunyunyizia maji. Dawa ya kufulia usiiguse, inakula jiwe.